Kuingiza Saa Nyingi za Video ya Nyumbani Katika DVD Moja

DVD tupu ya kawaida, ile ya tabaka moja, inabeba baiti bilioni 4.7. Kompyuta haisomi hivyo. Diski hiyo ikiwekwa kwenye Windows inaonekana ina GB 4.37 au 4.38, kwa sababu kiwanda kinahesabu kwa elfu moja moja na Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna nafasi iliyoibwa, ila wengi huandaa faili ambalo kompyuta inaliita GB 4.6, wakasoma 4.7 kwenye kasha, kisha wakashangaa programu ya kuchomea inapogoma. Hata aina mbili za diski hazilingani sawasawa: DVD+R ina baiti 4,700,372,992 na DVD-R ina 4,707,319,808. Hesabu hupigwa kwa ile ndogo, na akiba huachwa.

Nafasi hiyo haipimwi kwa dakika. Diski haijui kama harusi ilichukua saa mbili au saba. Inachojua ni biti. Kinachoamua ni kasi ya biti, yaani biti ngapi zinatumika kwa kila sekunde ya video. Kwa DVD inayochezeka kwenye deki yoyote, picha peke yake haitakiwi kuvuka megabiti 9.8 kwa sekunde, na picha na sauti na vingine vyote kwa pamoja visivuke 10.08. Kwa kasi ya juu kabisa diski inajaa kwa saa moja na ushei tu. Kasi ikishushwa nusu, zinaingia saa mbili. Ikishushwa hadi robo, zinaingia saa nne. Swali si kama saa nne zitaingia. Zitaingia. Swali ni picha itakuwaje zikishaingia.

Hesabu yenyewe inafanyika kwa kikokotoo cha simu. Laki sita hugawanywa kwa idadi ya dakika za video, na jibu linalotoka ni kilobiti kwa sekunde, picha na sauti pamoja. Video ya dakika 120 inapata 5,000. Ya dakika 180 inapata 3,333, ya 240 inapata 2,500, na ya saa sita inaambulia 1,667. Kanuni hii inajaza baiti bilioni 4.5 na kubakiza kama megabaiti 200 kwa ajili ya menyu na mafaili madogo ya mpangilio. Anayeikumbuka hana haja ya kuchoma kwa kubahatisha.

Mfano unaofaa ni kanda za VHS za harusi ya miaka ya 1990: moja ya sendofu, moja ya kanisani, na ya ukumbini iliyorekodiwa kwenye E-180 ambayo ni ya saa tatu. Zote pamoja zifike dakika 320. Kwa kanuni ya laki sita, harusi hiyo inapata kilobiti 1,875 kwa sekunde, na hicho ni kiwango kibaya. Kabla ya kugusa kitufe chochote cha kubana, dakika ndizo zinazopaswa kushughulikiwa.

Kanda ya nyumbani ina mengi ambayo hayataliliwa na mtu yeyote. Kuna mwisho wa kanda usiorekodiwa kitu, ambao kifaa cha kuhamishia kiliunakili bila kujali. Kuna kamera iliyosahauliwa ikiwa imewashwa, ikapiga zulia na viatu kwa dakika kadhaa. Kuna kungoja maharusi nje ya ukumbi, kuna fundi wa sauti akijaribu maikrofoni. Hayo yakiondolewa, dakika 320 zinaweza kushuka hadi 270 bila mwenye harusi kujua kimetoka nini. Kutoka hapo mkasi unahitaji busara. Foleni ya kutoa zawadi ndiyo sehemu ndefu kuliko zote na inayochosha kuliko zote, lakini ndipo shangazi, majirani na wafanyakazi wenzake baba wanapojitafuta. Aliyekatwa atauliza, na ataendelea kuuliza. Ni afadhali kupunguza muziki wa ukumbini, ambao hujirudia, kuliko kumfuta mtu aliyeshika kanga mkononi. Harusi hii ikifikishwa dakika 240, kila sekunde imepata kilobiti 2,500 badala ya 1,875. Ongezeko hilo halikugharimu ubora wowote.

Kinachofuata ni sauti, na hapa ndipo nafasi nyingi hupotea kimyakimya. Sauti isiyobanwa, aina ya PCM, inatumia kilobiti 1,536 kwa sekunde. Kwa saa nne hiyo ni zaidi ya GB 2.7, yaani zaidi ya nusu ya diski imekwenda kwa sauti, na kilichobaki kwa picha hakifiki hata kilobiti 1,000. Sauti hiyohiyo ikibanwa kwa AC-3 ya kilobiti 192 inachukua megabaiti 346 hivi, na sikio linalosikiliza hotuba, vigelegele na bendi iliyorekodiwa na maikrofoni ya kamera halitaona tofauti. Kanda nyingi za VHS zilizopigwa kwa kamera zina sauti ya mono, na kwa hizo hata kilobiti 128 zinatosha. Sharti moja halina mjadala: DVD inataka sauti ya kilohezi 48. Kanda za MiniDV zilizorekodiwa kwa mtindo wa biti 12 zina sauti ya kilohezi 32, na zisipogeuzwa zitakataliwa na programu ya kupanga DVD au zitatoka na sauti isiyoendana na midomo.

Baada ya sauti, ukubwa wa fremu. Nchi zetu zimefuata PAL, kwa hiyo fremu kamili ya DVD ni pikseli 720 kwa 576, fremu 25 kila sekunde. Programu nyingi zinaanzia hapo bila kuuliza. Lakini kanda ya VHS haina picha ya upana huo. Uwezo wake wa kutofautisha vitu kwa mlalo ni kama mistari 240 tu. Nywele za bibi harusi zimeshakuwa kivuli kimoja tangu siku ziliporekodiwa. Kuipa kanda hiyo pikseli 720 ni kulipia biti kwa ajili ya maelezo ambayo hayakuwahi kuwepo. DVD-Video inaruhusu pia fremu ya 352 kwa 576, yenye pikseli 202,752 badala ya 414,720. Deki inaitanua yenyewe ili ijaze kioo cha runinga. Mistari ya wima inabaki yote 576, mwendo unabaki laini, na kila pikseli inapata biti karibu maradufu. Kwa kilobiti 2,300, fremu kamili hujaa miraba kila watu wanapoanza kucheza, ilhali fremu ya 352 inatulia. Kwa kanda za VHS na Video8, hakuna uamuzi mmoja unaosaidia zaidi ya huu, na inashangaza jinsi unavyorukwa.

Uamuzi huo una mipaka. MiniDV na kamera za kidijitali za baadaye zina picha kali zaidi, na kuzipunguzia upana kunaonekana. Vilevile, video za kioo kipana, za uwiano wa 16 kwa 9, haziruhusiwi katika fremu ya 352. Alama ya upana huo inakubalika katika fremu za 720 na 704 peke yake. Video ya namna hiyo ikizidi saa tatu, DVD ya tabaka moja si mahali pake.

Ipo pia fremu ndogo zaidi, 352 kwa 288. Ni ileile ya VCD, zile diski ambazo harusi moja ilikuwa ikigawanywa mbili au tatu, kila moja na dakika zisizozidi 80. VCD ilitumia kilobiti 1,150 kwa picha. DVD moja yenye fremu hiyo inaingiza saa sita hadi nane bila shida. Lakini hapo nusu ya mistari imeachwa, na mwendo hupoteza ulaini kwa kuwa kila fremu ya PAL hubeba nusu mbili zilizopigwa kwa wakati tofauti kidogo, na moja kati ya hizo hutupwa. Kwa hotuba na mahubiri si neno. Kwa ngoma, itaonekana.

Kabla ya kubana, picha husafishwa, na sababu yake iko katika jinsi MPEG-2, mfumo wa kubana video wa DVD, inavyofanya kazi. Haihifadhi fremu zote nzima nzima. Huhifadhi fremu moja kamili, kisha zinazofuata huandika tofauti tu, hadi fremu nyingine kamili ifike. Kwa PAL katika DVD, kundi hilo halizidi fremu 15. Mzee akihutubia amesimama, kamera ikiwa kwenye stendi, tofauti kati ya fremu na fremu ni midomo na mkono, na biti zinabaki nyingi. Chenga za kanda kuukuu zinaharibu mpango huo wote. Kila fremu ina chenga zake, mahali tofauti na za fremu iliyotangulia, na kibanaji hakijui kuwa ni uchafu. Kinazihesabu kama mwendo na kuzilipia. Ukuta mtupu wa ukumbi unakula biti sawa na umati unaocheza.

Kichujio cha chenga, kama kile kinachoitwa hqdn3d katika programu ya ffmpeg, hulinganisha fremu zinazofuatana na kutuliza kisichokuwa na mwendelezo. Kiwekwe kidogo. Kikizidishwa, nyuso zinalainika kama nta na mkono unaopunga unaacha kivuli nyuma yake. Jaribio la dakika mbili kwenye kipande chenye giza, hasa cha ukumbini, linaonyesha kiwango kinachofaa kuliko maelezo yoyote. Vipande vingine havisaidiki: taa za disko zinazowakawaka, unga wa povu wanaorushiwa maharusi, na vitenge vya maua madogomadogo vinavyochezeshwa mbele ya kamera hula biti nyingi, kwa kuwa mwendo wake ni wa kweli.

Usafi wa pili uko ukingoni. Chini kabisa ya picha ya VHS huwa kuna mistari kadhaa inayopindapinda, alama ya deki inapobadilisha kichwa cha kusomea. Runinga za zamani zenye kioo cha chupa ziliificha kwa sababu zilikata kingo za picha. Runinga bapa zinaionyesha. Ukanda mweusi wa mistari 16 ukiwekwa juu yake, unaondoa aibu hiyo na kuokoa biti pamoja, kwa kuwa MPEG-2 hugawa picha katika viboksi vya 16 kwa 16 na boksi jeusi lisilobadilika halina gharama.

Kinyume na inavyodhaniwa, kutenganisha zile nusu mbili za fremu na kuziunganisha kuwa picha moja hakushauriwi kwa DVD itakayochezwa kwenye runinga. Runinga inajua kuzishughulikia. Kilicho muhimu ni mpangilio wake usigeuzwe: katika DV nusu ya chini ndiyo inayotangulia, vifaa vingine vingi huanza na ya juu, na programu ikidanganywa, kila kinachotembea hutetemeka mbele na nyuma. Tatizo hilo halionekani kwenye kioo cha kompyuta mara nyingi. Linaonekana siku diski imekwishafika kwa wenyewe.

Haya yote yanategemea jambo lililofanyika mwanzo kabisa, wakati wa kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta. Video inapaswa kubanwa mara moja tu. Kifaa cha bei ndogo cha kuchomekwa kwenye USB, chenye waya za njano, nyeupe na nyekundu, mara nyingi kinakuja na programu inayobana papo hapo hadi ukubwa wa DVD. Ikibanwa hapo, ikahaririwa, ikabanwa tena, makosa ya kwanza yanakuwa sehemu ya picha na ya pili yanajengwa juu yake. Inafaa kuhamishwa kwa aina isiyobanwa sana. DV, kwa mfano, inatumia GB 13 hivi kwa saa, na kwa saa nne hiyo ni GB 52 za muda tu, zinazofutika kazi ikiisha.

Kubana kwenyewe ni kwa mizunguko miwili na kasi inayobadilika. Katika mzunguko wa kwanza programu inatazama video yote na kuandika wapi pana mwendo na wapi pametulia. Katika wa pili inagawa biti kwa haki, ikiinyima hotuba na kuipa ngoma. Kwa video fupi tofauti yake na kasi isiyobadilika ni ndogo. Kwa saa nne ndiyo inayookoa picha. Harusi ya mfano, dakika 240, ina 2,500 kasoro 192 za sauti: wastani wa picha ni 2,300, na kilele kiruhusiwe hadi 8,000. Kilele cha 9,800 kinakubalika kikanuni, lakini deki kuukuu zikisoma diski ya kuchomwa hukwamakwama hapo.

Katika ffmpeg, agizo la -target pal-dvd hupanga lenyewe fremu, sauti ya AC-3 na mengine yote, ila linaweka kilobiti 6,000 kwa picha na 448 kwa sauti. Kwa saa nne hizo ni zaidi ya GB 11. Kwa hiyo -b:v ya picha na -b:a ya sauti huandikwa upya kwa namba za hesabu, na -s ya fremu hupewa 352x576. Asiyependa kuandika maagizo anaweza kutumia DVDStyler, programu ya bure inayobana, kutengeneza menyu na kupanga folda ya VIDEO_TS. Programu ya HandBrake, pamoja na sifa zake zote, haitengenezi DVD. Inafanya kinyume chake. Na kunakili faili la MP4 ndani ya folda iliyopewa jina la VIDEO_TS hakuigeuzi diski kuwa DVD, kwa kuwa deki inatafuta mafaili ya IFO na VOB yaliyopangwa kwa utaratibu wake.

Menyu iwe picha moja iliyotulia. Menyu yenye video na wimbo inakula megabaiti ambazo zingeenda ukumbini. Sura, kwa upande wake, hazina gharama na ni za lazima kwa diski ndefu hivi: moja kwa kuingia maharusi, moja kwa keki, moja kwa nasaha za wazee, kadhaa kwa zawadi. Bila sura, anayetaka kuona keki atabonyeza rimoti dakika tano.

Wapo wanaotumia mashine ya kurekodi DVD moja kwa moja kutoka kwenye deki ya kanda, bila kompyuta. Alama zake ni kasi ya biti ileile kwa majina mengine: XP ni saa moja, SP saa mbili, LP kwa kawaida saa nne, EP sita au nane. Kwa kanda ya VHS, LP inatosha na EP ni ya dharura. Mwisho wa kazi diski inafungwa kwa agizo la kwenye menyu ya mashine. Isipofungwa, deki nyingine haitaisoma.

DVD iliyokwisha kutengenezwa ikizidi nafasi kidogo, programu ya DVD Shrink inaipunguza. Toleo lake la mwisho, 3.2, ni la 2004, na bado linafanya kazi. Lakini linabana kilichokwisha kubanwa. Kupunguza asilimia 10 hakuonekani; kupunguza theluthi kunaonekana kila mahali, na afadhali kurudi kwenye video ya asili na hesabu mpya.

Diski ya matabaka mawili ina baiti bilioni 8.5, na kanuni yake ni milioni moja na elfu themanini kugawanywa kwa dakika. Harusi ya dakika 240 hapo inapata kilobiti 4,500, ambazo ni nyingi. Diski hizo ni ghali zaidi, baadhi ya deki za zamani hazizisomi, na picha huganda kidogo mwanga unapohama tabaka. Njia nyingine ni kuachana na DVD-Video na kuchoma mafaili ya MP4 yaliyobanwa kwa H.264 kama data. Hapo saa kumi zinaingia kwa picha inayotazamika. Deki ya kawaida haitacheza diski hiyo, kompyuta itaicheza. Ikiwa familia zote zina runinga yenye tundu la USB, flashi inafanya kazi hiyo vizuri zaidi, mradi kila faili lisizidi GB 4 kama flashi imeandaliwa kwa FAT32.

Kuchoma kufanywe kwa kasi ya 4x au 8x hata kama diski imeandikwa 16x, na programu, ImgBurn kwa mfano, iachwe ihakiki ilichoandika. Diski inaandikwa kutoka ndani kwenda nje, kwa hiyo iliyojaa kabisa inaishia ukingoni, palepale vidole vinaposhika na mikwaruzo inapoanzia. Ndiyo sababu nyingine ya ile akiba ya megabaiti 200. Majaribio yafanyike kwenye deki ya runinga, na dakika za kutazamwa kwanza ni za sura ya mwisho. Diski inayoanza vizuri na kuganda kwenye shukrani ni tukio la kawaida.

Stika ya kubandika inapindisha uzani wa diski na kuifanya itetemeke ikizunguka. Maandishi hufanywa kwa kalamu ya wino wa maji. Kwenye kasha, mbali na majina na tarehe ya harusi, inafaa kuandika jumla ya dakika, ukubwa wa fremu na kasi ya biti iliyotumika, pamoja na mahali ilipo kanda yenyewe. Atakayetaka nakala nyingine atajua kama aanze na diski au arudi kwenye kanda.